Simu nimelipa mimi, kufuli kashika mwingine: apdeti imeua laini yangu

Wakuu, nina hasira na sitaificha. Leo siku ya tisa simu yangu haipigi wala haipokei. Haijaanguka, haijaingia maji, haidaiwi senti na mtu yeyote hapa Tanzania. Imeapdetiwa tu.

Mwezi wa tatu nilinunua simu used Kariakoo, mtaa wa Aggrey, shilingi 620,000 taslimu. Mimi nauza madera na vitenge kwa oda, kwa hiyo simu ndiyo duka langu. Picha za mzigo napigia hiyo, wateja wananipata kwa hiyo, hela zinaingilia hapo hapo. Muuzaji akaniambia, "Dada yangu, huu mzigo wa Marekani, safi, weka laini yoyote." Nikamuuliza mara mbili, yoyote kweli? Akatoa laini yangu kwenye kiswaswadu, ile simu yangu ndogo ya vitufe, akageukia kabati lake dakika kama tano, akanirudishia simu imeshika mtandao vijiti vinne. Nikalipa nikaondoka.

Alichokifanya kwenye lile kabati nimekuja kukijua mwezi wa nane. Fundi wa huku mtaani alichomoa trei ya laini akaniwekea kiganjani. Juu ya laini yangu kulikuwa na kitu chembamba kama ganda la kitunguu, rangi ya shaba, kona moja imekatwa kwa wembe ili trei iweze kufunga. "Hii ni simu ya chipu, dada. Hukuambiwa?" Sikuambiwa.

Kwa wasiojua, kazi yake ni hii. Simu imefungwa kwa mtandao mmoja wa kule Marekani, haikubali laini nyingine. Ikiwashwa inaiuliza laini, wewe ni nani? Kila laini ina namba yake ndefu inayoanza na 89, halafu namba ya nchi, za kwetu 255. Ile chipu inakaa katikati na kujibu kwa niaba ya laini, inatoa namba ambayo simu inataka kuisikia. Simu ikisharidhika, laini yako halisi inaachiwa kwenda mnarani. Siku kampuni ikirekebisha mfumo na kuziba ule mwanya, chipu inabaki takataka. Ndiyo maana wenye simu hizi wameambiwa wimbo mmoja: usiapdeti.

Nami nisingeapdeti kama ningejua. Lakini hata ningejua, ningefanyaje? Programu ya benki yangu ilianza kuniletea ujumbe kwamba mfumo wa simu ni wa zamani, niusasishe la sivyo haitafunguka. Mwishoni ikaacha kufunguka kweli. Hela za wateja zimo mle. Hapa ndipo ninapopandwa na hasira zaidi. Apdeti ndizo zinazoziba mianya ambayo wezi wa mitandaoni wanaingilia. Mtu anayetunza mtaji wake kwenye simu ndiye anayezihitaji kuliko wote, halafu ndiye anayeambiwa asiziguse, kwa sababu akizigusa anapoteza laini. Usalama au laini, chagua kimoja. Na simu umeilipia yote!

Nilibonyeza saa nne usiku, nikaiacha kwenye chaji. Asubuhi nikakuta kioo cheupe na maandishi kwamba laini iliyomo ni ya mtandao usiokubalika kwenye simu hii. Nikatoa laini, nikafuta kwa kanga, nikarudisha. Vilevile. Nikaazima laini ya mdogo wangu ya mtandao mwingine. Vilevile. Siku hiyo nilikuwa na wateja watatu waliokwisha tuma hela ya madera ya shughuli ya Jumamosi, wananipigia sipatikani. Mmoja alikuja kuniambia usoni kwamba alidhani nimemtapeli. Miaka minne nimejenga jina, nimeitwa tapeli kwa ajili ya kufuli la kampuni ambayo sijawahi hata kutumia huduma yake.

Sasa sikilizeni nilivyozungushwa. Muuzaji: "Dada, nani alikwambia uapdeti?" Watengenezaji: wasiliana na mtandao wa kwanza wa simu hiyo. Ule mtandao wa Marekani una fomu ya kuomba kufunguliwa, nikaijaza, nikaweka IMEI, ile namba ya utambulisho ya simu. Siku mbili baadaye jibu likaja kwamba simu haijatimiza masharti. Masharti gani, hawasemi. Nikaandika tena. Nikaambiwa kwamba taarifa za akaunti anapewa mwenye akaunti. Mwenye akaunti ni mtu wa huko Marekani nisiyemjua, ameshaiuza, imepita mikono sijui mingapi hadi kufika Aggrey. Nimtafute wapi?

Fundi wa pili akaja na lake. Kwa 80,000 "anabadilisha IMEI". Nikamkatalia, kubadili IMEI ni kosa kwa sheria yetu ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya mwaka 2010. Lakini ona mtu aliyenunua kitu kihalali anakosukumwa. Mlango halali umefungwa, mlango ulio wazi ni wa jela.

Na msije kuniambia hili ni jambo jipya ambalo kampuni hazikulitarajia. iPhone ya kwanza ilipoanza kuuzwa Marekani tarehe 29 Juni 2007, ilikuwa ya mtandao wa AT&T peke yake, kwa mkataba wa miaka miwili. Agosti ile ile kijana wa miaka 17 wa New Jersey, George Hotz, akaifungua kwa kuchomelea waya ndani. Simu aliyoifungua akabadilishana na gari, Nissan 350Z, na simu nyingine tatu juu yake. Mwezi uliofuata Apple wakatangaza kwamba simu zilizochokonolewa zinaweza kufa kabisa zikipokea apdeti ijayo. Siku tatu baadaye, tarehe 27 Septemba, apdeti ya 1.1.1 ikatoka na simu za watu zikageuka matofali. Angalau wale walionywa kabla. Mimi kioo changu kiliniandikia kwamba apdeti inaboresha usalama, basi.

Halafu wakaingiza sheria. Marekani ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1998, iliyotungwa kulinda kazi kama muziki na filamu zisinakiliwe ovyo. Hiyo hiyo ikageuzwa kulinda makufuli ya simu. Kuanzia tarehe 26 Januari 2013, mtu aliyenunua simu mpya kule akiifungua bila ruhusa ya mtandao alikuwa anavunja sheria. Wananchi wakakusanya saini zaidi ya 100,000 kupeleka Ikulu yao, na tarehe 1 Agosti 2014 Rais Obama akasaini sheria ya kurudisha ruhusa hiyo. Kanada wakakata mzizi kabisa. Kuanzia Desemba 2017 kampuni za simu haziruhusiwi kuuza simu iliyofungwa. Uingereza wakafuata Desemba 2021. Na hakuna kampuni niliyosikia imefilisika kwa sababu hiyo.

Naelewa hoja yao ya deni. Simu inakopeshwa, mteja analipa kidogo kidogo, kampuni inaogopa ataondoka nayo. Sawa, fungeni mpaka deni liishe. Lakini deni likiisha kufuli lidondoke lenyewe siku hiyo hiyo, mtu asiombe, asijaze fomu, asitafutwe mwenye akaunti. Na kama simu bado inadaiwa au imeripotiwa kuibwa, waniambie hivyo waziwazi ili nimrudie aliyeniuzia, badala ya kuniandikia "haijatimiza masharti" kama mganga anayeficha dawa.

Na wale mnaosema mafundi watabuni chipu nyingine, iPhone zinazouzwa Marekani kuanzia toleo la 14, la mwaka 2022, hazina kabisa trei ya laini. Hakuna pa kuichomeka. Mzigo huo tayari uko madukani kwetu.

Nageukia nyumbani, kwa sababu kosa la kwanza lilifanyika Kariakoo. Mwaka 2016 TCRA, mamlaka yetu ya mawasiliano, walipozima simu feki, tulifundishwa wote kubonyeza *#06# na kutuma IMEI kwenda 15090. Nami niliituma hii simu kabla ya kulipa, jibu likaja ni simu halisi. Kweli ni halisi! Ila halikuniambia kwamba imefungwa. TCRA, nawaomba kwa heshima: muuzaji wa simu used alazimishwe kuandika kwenye risiti, IMEFUNGWA au HAIJAFUNGWA, na kama ina chipu aiseme. Ni maneno mawili tu kwenye karatasi. Na Tume ya Ushindani, sheria yenu ya mwaka 2003 inakataza kumdanganya mlaji. Kumgeuzia mteja mgongo ukamchomekea chipu, halafu ukamwambia "weka laini yoyote", huo udanganyifu unataka jina gani tena?

Kwa anayekwenda kununua wiki hii, usikubali simu uliyowekewa laini na muuzaji. Chomoa trei mwenyewe, laini iwe peke yake. Mwambie airudishe simu kama ilivyotoka kiwandani mbele ya macho yako, halafu uiwashe na laini yako bila kitu kingine. Muuzaji akianza kusema itachukua muda, au bando litaisha, ondoka.

Kuna mtu humu amewahi kufunguliwa na mtandao wa Marekani akiwa hapa Tanzania, bila kuwa mwenye akaunti? Naomba aniambie alipitia wapi. Wa "nunua nyingine" mniache, hiyo 620,000 ilikuwa mtaji wa mzigo wa sikukuu.

Kwa sasa laini iko kwenye kiswaswadu, na simu ya laki sita naitumia kwa waifai ya jirani. Risiti ninayo, imeandikwa "simu moja used" na muhuri wa duka. Jumatatu saa tatu asubuhi nipo Aggrey na risiti hiyo, na ile chipu nimeifunga kwenye karatasi.