AR ya watu wengi mezani: kila mtu aone kila kitu?

mchora_ramani
Wakuu habari zenu, naombeni mawazo. Natengeneza apu ya AR (picha za kompyuta zinazoonekana juu ya vitu halisi), watu wanne wamezunguka meza, modeli ya jengo iko katikati, kila mtu na miwani yake wanasogeza kuta na milango wakipanga pamoja. Sasa kila mtu anaona vipimo na menyu za wenzake mpaka jengo lenyewe halionekani, halafu wawili wakishika ukuta mmoja unarukaruka tu. Nianzie wapi?

kuta_nne
Tenganisha cha wote na cha mtu binafsi. Jengo likae palepale kwa kila mtu, maana mtu akinyoosha kidole akasema "huu hapa" lazima wote waone huohuo, hilo usilichezee. Ila menyu, vipimo na yale mtu anayojaribujaribu kabla hajaamua abaki nayo mwenyewe mpaka atake kuwaonyesha. Studierstube, mfumo wa AR wa kule Vienna, walishafanya hivi tangu miaka ya 1990, modeli moja ila kila mtu na mwonekano wake. Na maandishi yamgeukie kila msomaji, aliye upande wa pili asisome kinyumenyume.

seva_haizimi
Ukuta kurukaruka ni suala la umiliki. Aliyeshika kwanza ndo wake, seva inaupaka rangi yake mpaka auachie, mwingine akiugusa anajua nani kaushika na anamwambia kwa mdomo, si wako meza moja.

Kingine, nanga, yaani alama inayoshikilia modeli mahali pamoja kwa kila miwani. Cloud Anchors za ARCore (zana za AR za Google) zipo tangu 2018 na zinasaidia sana, ila miwani mbili zikipishana hata sentimita chache basi wewe unaonyesha dirisha mwenzako anaona mlango. Kwa hiyo toa mwale kwenye kidole, ukigonga kitu tuma ID (namba ya utambulisho) ya hicho kitu, usitume koordineti za mahali kilipo, kila miwani iwashe kitu hichohicho hata kama nanga imehama kidogo.

mchora_ramani
Hiyo ya ID sikuwa nimeiwaza kabisa, asante sana mkuu. Na mtu akifuta ukuta wenzake wanaangalia kwingine?

kuta_nne
Usiupoteze ghafla. Miwani hizi zinaonyesha eneo dogo, HoloLens 2 ya Microsoft ni kama nyuzi 52 tu kwa mshazari, kwa hiyo mtu anakosa mengi. Acha kivuli chekundu pale ukuta ulipokuwa mpaka kila mmoja awe amekitazama, na kutengua kila mtu atengue ya kwake, asije akafuta kazi ya mwenzake bila kujua.