Tupeane uzoefu: Mliowahi kuingia bustani za ngome za Wajapani, kipi hakijawatoka moyoni?

Mgosi wa Osaka
Wakuu, habari za jioni. Jumapili nilikatiza bustani ya ngome hapa Osaka nikitokea kituo cha Osakajokoen. Pale lango la Sakuramon, mbele ya lile jiwe wanaloliita Tako-ishi, jiwe la pweza, nikamkuta mzee ameliwekea kiganja kama anayempima mtoto homa. Jiwe linakadiriwa tani 108, na yeye kaligusa taratibu hivyo.

Nikakumbuka wiki zangu za kwanza, 2017. Upweke ulikuwa umenikaba. Vijana wanaosoma Kiswahili Chuo Kikuu cha Osaka wakanipigia, twende tukatazame maua ya cheri. Nilipofika wameshatandika turubai la bluu chini ya miti, viatu vimepangwa pembeni kama mlangoni mwa msikiti. Binti mmoja akafunua bakuli la wali, akaniambia, "Karibu tule, kaka." Machozi yalinitoka mbele za watu.

Sasa mama anakuja kutoka Tanga mwezi wa nne, na magoti yanamsumbua. Nimpeleke ngome ipi? Nanyi mtupe za kwenu.

Mama Wawili
Ngome ya Himeji usithubutu na magoti hayo! Unavua viatu mlangoni, unavibeba kwenye mfuko, unapanda ghorofa sita kwa ngazi zilizosimama kama za kupandia darini. Mbao zimesuguliwa na nyayo mpaka zinateleza. Mimi nilikuwa na mtoto mgongoni, mfuko wa viatu mkononi, soksi zinaserereka. Katikati ya ngazi ya tano miguu ikaanza kutetemeka, mbele hakuendeki na nyuma foleni ya watu. Bibi mmoja wa Kijapani akanishika kisigino, akawa ananiwekea mguu kwenye kila kipandio mpaka juu. Sikuweza kumwambia zaidi ya arigato, asante.

Mpenda Kale
Mpeleke Himeji hivyo hivyo, apande nusu. Ule ni mnara wenyewe, mbao za 1609, urithi wa dunia tangu 1993. Osaka ni zege na lifti. Utamtoa mama Tanga aje kupanda lifti?

Kisauni
Naunga mkono lifti.

Fundi Zege
Mpenda Kale, tuheshimiane. Mnara wa Toyotomi Hideyoshi, mtawala aliyeanza ngome ya Osaka, uliungua 1615, haukufikisha hata miaka 40. Watawala wa ukoo wa Tokugawa waliomfuata wakajenga wao, radi ikauteketeza 1665. Huu wa zege wa 1931 wananchi wa Osaka waliuchangia kwa pesa zao, na bustani ikafunguliwa mwaka huo huo. Agosti 14, 1945, siku moja kabla Japani haijasalimu amri, kiwanda cha silaha kilichokuwa hapo jirani kilipigwa mabomu, mnara ukabaki. Hadi leo una zaidi ya miaka 90, umeishi kuliko yote miwili ya mwanzo. Sasa upi ndio mnara wenyewe?

Mpenda Kale
Umri hauufanyi kuwa wa kale. Ni makumbusho yenye umbo la ngome. Mimi nataka nikanyage alipokanyaga mtu wa zamani.

Mwana Mvita
Akanyage mawe basi, mawe ya Osaka ni ya zamani kweli, yaliletwa kwa majahazi kutoka visiwani. Mimi nimekulia kivulini mwa Fort Jesus iliyoanzwa 1593, miaka kumi tu baada ya Hideyoshi kuanza Osaka. Kwetu ni matumbawe, kwao matale. Nilipogusa ule ukuta nilihisi niko nyumbani, ila sikunusa bahari.

Niliyekuwa Kumamoto
Nilikuwa napita kimya, lakini haya maneno ya mawe yamenirudisha mbali. Niruhusuni.

Aprili 14, 2016, saa tatu na dakika 26 usiku. Niko mjini Kumamoto, natoka maktaba, nasukuma baiskeli kando ya mto Tsuboi, ng'ambo ya ule ukuta mrefu wa nyeusi na nyeupe. Ngome juu imewashiwa taa. Simu ikatoa ile sauti mnayoijua nyote mlioko Japani: jishin desu, jishin desu, yaani ni tetemeko. Kabla sijaitoa mfukoni lami ikanyanyuka, baiskeli ikanitoka. Halafu nikasikia mlio ambao mpaka leo lori likimwaga kokoto nasimama nilipo. Ni mawe yanaporomoka huko juu. Vumbi likapanda kwenye mwanga wa taa mpaka mnara ukapotea.

Tukajua limepita. Watu wakarudi ndani, wakaokota vyombo. Usiku wa kuamkia tarehe 16, saa saba na dakika 25, likaja lenyewe. La kwanza lilikuwa la ukubwa wa 6.5, hili 7.3. Kabati la nguo liliangukia godoro langu, nikiwa nimetoka tu kwenda kunywa maji. Nilikimbia peku. Nje giza, watu wameketi katikati ya uwanja wa shule wamejifunika mablanketi. Kila dakika chache ardhi inatikisika tena, watoto wanalia kwa pamoja.

Kulipopambazuka nilimkuta mama mwenye nyumba wangu barabarani. Alikuwa amepita miaka sabini. Nyumba yake imepasuka ukuta kutoka juu hadi chini, wala haiangalii. Macho yako kilimani. Vigae vya mnara vimemwagika, wale samaki wa mapambo wa juu ya paa hawapo, na jengo moja la pembeni limebaki limesimama juu ya safu moja tu ya mawe ya kona, kama mtu aliyebakiwa na mguu mmoja. Akanishika mkono, akalia kwa sauti. Nilikuwa nimeishi kwake miaka miwili, sijawahi kusikia akipandisha sauti.

Mama Wawili
Pole sana ndugu yangu. Nimesoma nikiwa nimeshika kifua.

Kisauni
Hapo kwenye kabati nimesimama. Mungu mkubwa. Wakuu, funga makabati ukutani, leo hii!

Mpenda Kale
Pole, ndugu. Lakini naomba niseme, mnara mkuu wa Kumamoto nao ni zege la 1960. Ule wa Kato Kiyomasa, bwana aliyeijenga ngome hiyo, uliungua 1877.

Niliyekuwa Kumamoto
Najua. Na yule mama alijua kuliko mimi na wewe. Mwaka huo wa 1960 alikuwa binti, aliuona ukiinuka kila alipokwenda shule. Ndio ngome yake. Usimwambie mtu alilie jengo gani.

Mpenda Kale
Nimekosea. Niwie radhi.

Fundi Zege
Kwa wasiojua: kuta za Kumamoto chini zimelala, zikipanda zinasimama mpaka adui hana pa kushika. Nyuma ya mawe makubwa hujazwa kokoto za kupitisha maji ya mvua. Tetemeko linapokuja, kokoto hizo husukuma mawe ya mbele yakafumuka. Na mnara mdogo wa Uto humo humo ngomeni, wa mbao, wa zama za Kiyomasa, haukuanguka. Kwa hiyo wa kale nao wana lao, Mpenda Kale usinune.

Mkulima wa Lushoto
Mmemsahau mama wa watu. Mpeleke ngome ya Hirosaki, mkoa wa Aomori huko kaskazini, mwisho wa Aprili. Nilikwenda nikiwa kwenye mafunzo ya kilimo. Serikali ya Mfalme Meiji ilipoamua 1873 kuachana na ngome, nyingi zilibomolewa. Hii ikawa bustani ya umma 1895, leo ina micheri kama 2,600. Wajapani wana msemo kwamba anayekata mcheri ni mpumbavu. Watu wa Hirosaki ni wakulima wa matofaa, wakaipogolea kama matofaa, na ndio maana maua yake yanasongamana hivyo. Petali zikidondoka, handaki la maji lote linageuka waridi, huoni maji. Nami nalima matofaa, nilikaa chini ya mti mmoja nikitazama makovu ya msumeno tu.

Kisauni
Osaka mpaka Aomori na magoti? Huyo ni wa ndege, siyo treni.

Niliyekuwa Kumamoto
Mgosi, mlete Kumamoto. Shinkansen, treni ya kasi, kutoka kituo cha Shin-Osaka ni mwendo wa saa tatu na kitu, hambadilishi. Kuna njia ya juu iliyojengwa ili watu wapite mafundi wakiendelea kazini chini yao, na mnara ulifunguliwa tena 2021 ukiwa na lifti. Mimi nilirudi 2023. Nilikuta mawe yaliyoanguka yamepangwa kwa mistari uwanjani, kila moja lina namba yake. Wanalinganisha na picha za zamani mpaka wajue lilikaa wapi. Kazi yote wanatarajia iishe 2052.

Mgosi wa Osaka
Nimempigia mama, nimemsomea yote. Hakuuliza ya lifti. Ameuliza kama kila jiwe linarudi mahali pake. Nikamwambia ndiyo. Amenyamaza kidogo, akasema nimpeleke huko, na kama yule mama mwenye nyumba yupo, angependa kumsalimia.

Niliyekuwa Kumamoto
Yupo, alhamdulillah. Nitumie ujumbe pembeni. Ila kata tiketi za kabla ya mwisho wa Aprili, maana likizo zao za Mei zikianza behewa huligusi.