Damu ilitolewa kwa utafiti wa malaria, sasa wanataka kusoma DNA kwa jambo jingine

Mama Rukia, Kilifi:
Assalaam aleikum. Binti yangu akiwa darasa la tatu alitolewa damu kwa utafiti wa malaria, na sahihi nilitia mimi. Nilikubali bila kusitasita kwa sababu malaria ilishanizikia mtoto. Juzi mhudumu wa afya ya jamii kanipitia, anasema ile damu bado iko kwenye friza na watafiti wa ng'ambo wanataka DNA yake kwa utafiti wa moyo. Nikamuuliza, nikikataa je? Akanijibu kuwa sahihi nilishatia. Hivi sheria inasemaje?

Kaka wa Likoni:
Ukishatoa damu si yako tena, dada. Sahau.

Bi Zuhura, nesi mstaafu:
Mama Rukia, usisahau chochote. Fomu za namna hiyo nimezisomea wazazi kwa miaka, wengine kwa Kigiriama, najua zinavyoandikwa. Tafuta nakala yako, utazame sehemu ya kuhifadhi sampuli na matumizi ya baadaye. Kama pameandikwa malaria peke yake, hiyo ndiyo ruhusa uliyotoa.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inazihesabu taarifa za vinasaba, yaani za DNA, kuwa nyeti. Inataka zichukuliwe kwa lengo lililotajwa waziwazi, na kifungu cha 32 kinakuruhusu kuondoa ridhaa wakati wowote, ingawa yaliyokwisha kufanyika kabla hayafutiki. Lakini watafiti nao watakuonyesha kifungu cha 53, kinachoruhusu taarifa kutumika tena kwa utafiti, mradi ziwe za utafiti tu na zisichapishwe kwa namna ya kumtambulisha mtu. Kwa hiyo usiishie kwenye sheria hiyo. Nenda kwa kamati ya maadili iliyopitisha utafiti, simu yake huwa kwenye fomu. Utafiti mpya lazima upitishwe upya, na hapo ndipo suala la ridhaa yako linapoulizwa.

Wasikutishe kwamba wao ni wakubwa. Tarehe 30 Januari 2020 Mahakama Kuu iliizuia serikali yenyewe kukusanya DNA kwa Huduma Namba, ule mpango wa kuwasajili watu kidijitali. Na kule Arizona, Marekani, Wahavasupai, kabila la wenyeji wa huko, walitoa damu kwa watafiti wa chuo kikuu miaka ya 1990 wakiamini ni ya kisukari. Ikaja kutumika kuchunguza skizofrenia, ugonjwa wa akili, na asili ya kabila lao, mambo ambayo wengi wao wasingeyakubali kamwe. Walishtaki. Mwaka 2010 chuo hicho kiliwalipa dola 700,000 na kuwarudishia damu iliyobaki. Mimi utafiti naupenda, umeokoa watoto wetu wengi, na ndiyo maana inaniuma mzazi anapoambiwa "ulishatia sahihi". Akidanganywa leo, kesho hatamleta mtoto hata kwa chanjo.

Juma, Tanga:
Shikamoo Bi Zuhura. Mama Rukia, binti ana miaka mingapi sasa?

Mama Rukia:
Kumi na tisa, yuko chuoni Voi.

Bi Zuhura:
Marahaba Juma, umegusa penyewe. Mama alimsemea kwa kuwa alikuwa mtoto. Sasa ni mtu mzima, ruhusa ni yake. Mpigie leo, na mhudumu akirudi mwambie aongee naye. Jibu lake lolote liandikwe, na nakala abaki nayo.

Mama Rukia:
Nampigia baada ya magharibi, akitoka darasani. Fomu nimeipata, imeandikwa malaria tu.