Naomba ushauri: kilele cha Rosa Mistika kiko wapi?

Wadau wa fasihi, naomba msaada kuhusu msuko wa Rosa Mistika, riwaya ya Kezilahabi ya 1971. Kwa kawaida napanga matukio kwa mfuatano, kisha nauliza kila tukio limesababishwa na lipi. Ukali wa baba yake, Zakaria, unaeleza vizuri kwa nini Rosa anabadilika akishatoka nyumbani. Ninapokwama ni kwenye kilele: ni mchumba wake Charles anapomkataa, au Rosa anapojiua? Nikichagua kujiua, hukumu ya mbinguni inayofuata baada ya kifo inabaki hitimisho tu, na kwangu ile ndiyo sehemu inayopima kosa ni la nani. Ninyi mnaigawaje? Na Zakaria je, mnamhesabu mhusika bapa (wa sifa moja, asiyebadilika) au duara (wa sura nyingi, anayebadilika), kwa ushahidi gani?