MREJESHO: lile boksi la faiba lililokuwa linalainika juani
Wakuu nimerudi. Kwa aliyepitwa, nililalamika boksi la pikipiki nililounda kwa faiba na epoksi (gundi ya kimiminika inayoganda ukiichanganya na hadina, yaani dawa ya kuigandisha), wiki nzima limekauka, kivulini gumu fresh, likipigwa jua la mchana linapinda kama kandambili. Nilidhani hadina ilikuwa kidogo, kumbe wala, na nyie mlioniambia niongeze mngeniponza maana epoksi sio poliyesta (ile gundi nyingine ya faiba), vipimo vyake havichezewi, hadina ikizidi inabaki humo haina cha kushikana nacho na ndo inalainisha zaidi.

Shida ilikuwa joto la kukaushia, lilikuwa dogo. Epoksi ikikauka kwa joto la chumba tu, minyororo ya molekuli zake inaganda kabla haijamaliza kuungana, kwa hiyo joto la kuilainisha linabaki dogo, jua tu linatosha. Nikalirudisha kwenye moldi (lile umbo nililoliundia), nikaunda kasha la mbao na balbu za zamani zile za moto, nikapandisha polepole mpaka nyuzi 60, masaa 8 (ukipandisha haraka linajikunja, ndo maana ya moldi).

Saa hii ukiligonga linalia ngo, jana limeshinda juani halijapinda. Ila limekuwa kavu kidogo, yaani rahisi kupasuka, nimelidondosha mara moja tu kona ikapata ufa.