Tupeane uzoefu: mtoto asiyekula nyama, maziwa wala mayai, mnampa vitafunwa gani?

mama_nuru, Arusha

Habari za jioni ndugu zangu. Sisi ni Wasabato. Nyama tuliiacha kabla ya ndoa, baadaye tukaacha na maziwa na mayai. Binti yetu ana miaka mitatu, hajawahi kuonja samaki. Anakimbia, anaimba, anaongea mpaka usingizini. Ila kila tukienda kwa bibi yake neno ni lile lile: "Mtoto mnamnyima."

Nianze na langu. Alipofika miezi tisa alipoa. Mtoto aliyekuwa akitambaa nyumba nzima akawa wa kulala tu, na kwenye kadi ya kliniki uzito ukagoma kupanda miezi miwili mfululizo. Daktari hakuanza na mtoto, alianza na mimi: mama unakula nini? Nikamtajia mchicha, maharage, parachichi, karanga, dona. Nikijua nimepatia. Akaniambia hivyo vyote ni vizuri, lakini vitamini B12 haimo, na mama anayenyonyesha akipungukiwa nayo, maziwa yake pia yanapungukiwa. Tukapimwa wote wawili, tukaanzishiwa dawa. Alichangamka, lakini zile wiki za kusubiri majibu sizisahau. Dozi siitaji hapa, watoto hawalingani, nendeni mkapangiwe. Ila wanaosema mboga za majani au uji wa lishe vinaziba pengo hilo, msiwasikilize.

Sasa naomba yenu. Vitafunwa, nepi, vyombo, chochote.

baba_kunde, Kigamboni

Dada, pole kwa hayo mliyopitia. Mimi ni Rasta, watoto wangu wawili wamekulia chakula cha shambani na vidonge vya B12 wanapata, hilo hatubishani nalo nyumbani.

Kitafunwa chetu kikuu ni bajia za kunde. Loweka kunde usiku kucha, asubuhi zifikiche maganda yaelee uyamwage, saga na kitunguu saumu na pilipili hoho, piga mchanganyiko kwa mwiko mpaka uwe mwepesi, kaanga. Hapo pembeni kachumbari iliyokamuliwa ndimu, maana madini ya chuma ya kwenye kunde na maharage mwili unayachukua vizuri zaidi yakikutana na vitamini C. Chai ya rangi isikae meza moja na chakula hicho, inayazuia. Kwetu chai ilishaondoka kabisa kwa watoto, wanakunywa maji ya ukwaju au ubuyu.

Karanga nunua za kuchagua mwenyewe. Iliyosinyaa, iliyobadilika rangi au yenye ukungu, tupa. Sumukuvu, ile sumu ya ukungu, haitoki kwa kukaanga. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walikufa kwa mahindi yenye sumu hiyo, kwa hiyo hata unga wa uji ujue umetoka wapi.

bint_unguja

Sie huku wala hatukuhitaji kubuni kitu. Borohowa ya choroko, mbaazi za nazi, boga la nazi, muhogo wa kuchemsha, vitumbua. Wanangu ndiyo hivyo tu. Lakini nawaomba mama zangu, tui la nazi si maziwa. Ni tamu, lina mafuta, ila protini na kalsiamu yake ni kidogo mno. Mimi kalsiamu naitafuta kwenye ufuta uliosagwa, natia kwenye uji.

Kuogeshea natumia dodoki la asili na sabuni ya nazi. Sokoni na kikapu cha ukili. Bibi zetu ndivyo walivyoishi.

mama_wa_kasarani, Nairobi

Nepi ndizo nina la kusema. Nilipozaa nilikuwa naona pampasi zimejaa kwenye mtaro nyuma ya ploti, mvua ikinyesha zinarudi mlangoni. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku hapa 2017, lakini hizo zimebaki. Nikanunua nepi za kitambaa dazeni mbili. Choo nakimwaga chooni kwanza, naloweka, nafua kwa sabuni ya kipande, jua linamaliza kazi.

Ukweli ni kwamba mtaani kwetu maji tunanunua kwa mtungi. Wiki ya ukame wa mfereji nilishindwa, mtoto akapata vipele kwa sababu nilikuwa nasuuza kwa maji machache. Tangu hapo mchana ni kitambaa, usiku na safarini ni pampasi, na sioni aibu kuwaambia.

Vitafunwa: nduma (magimbi), ngwaci (viazi vitamu), mahindi ya kuchemsha, ndizi. Njugu nzima usimpe aliye chini ya miaka mitano. Mpwa wangu ilimkwama kooni mbele yangu, tukampigapiga mgongoni ikatoka. Sasa tunazisaga, tunapaka kwenye chapati.

muuguzi_leeds

Kwa walio Uingereza kama mimi: maziwa ya soya chagua yaliyoongezwa kalsiamu na B12, soma pakiti. Maziwa ya mchele watoto chini ya miaka mitano hawapewi huku, sababu ya arseniki, sumu inayopatikana kwenye mchele. Na vitamini D msiisahau, jua la huku si la Tanga.

mama_nuru

Asanteni sana jamani. @bint_unguja, ufuta unausaga mbichi au unaukaanga kwanza?

bint_unguja

Nakaanga kidogo, moto mdogo, mpaka unukie. Ukiungua unakuwa mchungu, mtoto hatagusa.

mama_nuru

Nimeshaupata sokoni, kilo moja, na kunde nimeloweka. Jumapili tunakwenda kwa bibi. Safari hii nabeba bajia na uji, na kadi ya kliniki nimeiweka kwenye mkoba, aone mwenyewe mstari ulivyopanda.