Farasi jike amebaki peke yake kwenye ekari 3: nimletee punda au mbuzi?

Zizi la Usa
Wakuu, habari za jioni. Farasi jike, miaka 14, kilo kama 400, ekari 3 Usa River. Mwenzake kaondoka wiki 2 zilizopita. Sasa anazunguka uzio mpaka ardhi imechimbika njia, analia kila gari likipita, na nyasi anazibakiza. Farasi wa pili kwa sasa siwezi kumnunua. Nachagua kati ya punda wa mnadani na mbuzi. Uzio ni mbao pande 2, senyenge pande 2. Yupi atakaa naye vizuri, na namwingizaje?

Mtunza Kwato
Punda, mkuu, tena jike au dume aliyehasiwa. Dume mzima usimlete: farasi wako akiingia joto utapata baghala ambaye hukumpanga, na kabla ya hapo atakuwa anamng'ata shingo kila siku. Aliyehasiwa juzi naye bado ana mbegu, mtenge wiki 6.

Farasi anamwelewa punda. Masikio yakilala nyuma, mguu wa nyuma ukiinuka, anajua anaambiwa nini. Watakunana shingoni na mmoja atasimama macho mwenzake akilala. Mbuzi hayo hayawezi.

Shida ya punda ni kunenepa. Farasi wako anataka kilo 8 hivi za nyasi kavu kwa siku. Punda wa kilo 140 zinamtosha kilo 2 hadi 2.5, na sehemu kubwa iwe mabua makavu ya ngano. Ukimwachia majani mabichi ya masika na pumba za farasi juu yake, shingo inajaa mafuta mpaka inalala upande, kisha kwato zinavimba kwa ndani na kutembea kunamshinda. Mkatie kipande chake kidogo cha malisho.

Halafu minyoo ya mapafu. Punda huibeba bila hata kukohoa, farasi akiila malishoni anakohoa miezi. Wiki 3 za kwanza punda akae banda la mbali, na ndoo yake ya maji. Mpe dawa ya minyoo, ivamektini ya farasi ya kunywesha, miligramu 0.2 kwa kila kilo, yaani miligramu 28 kwa huyo wa kilo 140. Uzito upime kwa utepe, macho hudanganya. Kila asubuhi angalia kamasi puani na uvimbe chini ya taya. Ukiona usaha, usimsogeze karibu na farasi hata kidogo.

Mama Mbeleko
Mbuzi msiwatupe hivyo. Minyoo yao mingi haimwingii farasi, na vichaka asivyovigusa farasi wao wanavimaliza. Lakini wawe 2, waliohasiwa, wasio na pembe. Mbuzi mmoja atalia kuliko huyo farasi. Pembe kwenye tumbo la farasi ni jeraha la kushonwa. Na usiwafunge kamba malishoni: farasi akijizungushia mguuni akashtuka, kamba inachana mpaka kwenye mshipa.

Watatafuna mkia wa farasi, hilo ujiandae nalo. Wakiwa na majani ya kutosha ya kutafuna wanapunguza.

Daktari wa Malisho
Kuna hatari moja haijatajwa, nayo inaua. Vyakula vingi vya kuku wa nyama, na baadhi vya ng'ombe na mbuzi, huchanganywa dawa ziitwazo monensini au salinomisini. Kwa farasi ni sumu ya moyo: kiasi ambacho ng'ombe hakimsumbui kinamwangusha farasi, na dawa ya kuiondoa haipo. Soma lebo ya mfuko. Ukichagua mbuzi, walishie kwenye kibanda chenye mlango wa upana wa sentimita 40, farasi asipenye. Pauro ya kuchotea nayo iwe ya kwao peke yao.

Senyenge ing'oe kabla mgeni hajafika. Siku za kwanza watafukuzana, na farasi anayekimbia haoni waya. Weka mbao 3, ya juu mita 1.3. Kwa mbuzi ongeza wavu wenye matundu madogo, yale mapana yananasa kwato.

Baada ya zile wiki 3, wiki moja waonane kupitia nyua 2 zilizoachana mita 3. Kisha waachie pamoja asubuhi, kwenye sehemu kubwa isiyo na kona za kumbana mtu. Kama farasi ana viatu vya chuma nyuma, vitolewe kwanza. Mafungu ya nyasi yawe 3 kwa wanyama 2, mita 10 kati ya fungu na fungu. Kukimbizana na kupiga kelele ni kawaida. Ukiona mmoja anazuiwa maji, watenganishe urudie kesho.

Zizi la Usa
Asanteni sana, naelekea kwa punda. Nikitoka na farasi barabarani, punda abaki peke yake?

Mtunza Kwato
Saa moja si neno, ila mzoeshe kwa dakika 10, kisha 20. Kumtenga siku nzima ndiko kubaya. Punda aliyepoteza mwenzake hususa chakula, mafuta ya mwilini yanamwagika kwenye damu, na ini linaweza kushindwa ndani ya siku chache. Siku farasi akipelekwa kutibiwa, pandisha wote 2 kwenye gari.